Sanamu, ibada, kuabudu: Wakatoliki wanafanya nini hasa, na Waprotestanti wanapinga nini hasa?

Mwanachetezo

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu wa upande wa pili, Bwana Yesu asifiwe.

Kila Oktoba ikiingia, mwezi wa Rozari, tuhuma ni ileile: Wakatoliki wanaabudu sanamu. Jibu nalo ni lilelile: hatuabudu, tunaheshimu. Mazungumzo yanaishia hapo, hakuna aliyesogea hata hatua moja. Naomba uzi huu tuangalie vitendo vyenyewe jinsi vilivyoandikwa kwenye vitabu vya liturujia, na mwenye kupinga apinge kitendo.

Lakini maneno kwanza, maana Kiswahili chetu kimetutegea mtego. "Sanamu" imetoka Kiarabu, na huko maana yake ni mungu wa kuchonga moja kwa moja. Sisi tumeibebesha mizigo mitatu: sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, sanamu ya Mtakatifu Yosefu, na sanamu ya Baali. Kigiriki kina neno la picha takatifu (eikon) na neno la mungu bandia (eidolon), mawili tofauti kabisa. Msomaji wetu anakutana na "sanamu ya kuchonga" katika Kutoka 20:4, Jumapili anasikia "sanamu ya Mama Maria", neno moja. Sura tano mbele, Kutoka 25:18, Mungu huyohuyo anaagiza makerubi mawili ya dhahabu, ila Biblia ya Kiswahili haiyaiti sanamu. Yanaitwa makerubi, basi, na msomaji anapita.

"Ibada" ni hivyohivyo. Ibada ya Misa, ibada ya mazishi, ibada kwa Bikira Maria. Kilatini kina "latria" kwa Mungu peke yake, "dulia" kwa watakatifu, "hyperdulia" kwa Maria. Vyote hivyo kwetu vimemiminwa kwenye chungu kimoja kinachoitwa ibada, halafu tunashangaa jirani akisema tunamwabudu Maria.

Sasa vitendo. Kupiga goti la kulia mpaka sakafuni ni alama ya kuabudu, na Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma (kitabu cha Misa), namba 274, yanaliweka kwa Sakramenti Takatifu, na kwa Msalaba kuanzia ibada ya Ijumaa Kuu mpaka mwanzo wa Kesha la Pasaka. Sanamu ya mtakatifu haimo. Likitajwa jina la Maria au la mtakatifu wa siku katika Misa, namba 275 inasema kichwa kiinamishwe.

Ubani nao una hesabu, namba 277. Chetezo, chombo cha kufukizia, kinavutwa mara 3 kwa Sakramenti Takatifu, masalia (mabaki yanayotunzwa) ya Msalaba Mtakatifu, sanamu za Bwana zilizowekwa hadharani, vipaji vya Misa, msalaba wa altare, Kitabu cha Injili, mshumaa wa Pasaka, padre, na waamini. Kwa masalia na sanamu za watakatifu zilizowekwa hadharani ni mara 2, tena mwanzoni mwa Misa tu, altare ikishafukizwa. Yaani mama aliyekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni anafukizwa mara 3 pamoja na wenzake, na sanamu ya mtakatifu mara 2.

Sala ndiyo iliyo wazi kuliko vyote. Sikilizeni litania: kwa Mungu ni "utuhurumie", kwa watakatifu ni "utuombee". Kile kiambishi cha kutendea kwenye "ombea" ndicho kilichobeba teolojia yote. Maria haombwi atoe, anaombwa aombe.

Bereya1711

Bwana asifiwe, ndugu. Nashukuru kwa kuweka namba, maana sasa tunaweza kujadiliana.

Kutoka 20:5 inasema "Usivisujudie wala kuvitumikia". Haiulizi moyoni ulikuwa unamheshimu nani, inakataza mwili kuinama mbele ya kitu. Waisraeli jangwani nao walikuwa na maelezo mazuri: Haruni alipotengeneza ndama alitangaza sikukuu kwa BWANA (Kutoka 32:5), na bado ilihesabiwa dhambi kuu.

Yohana katika Ufunuo 22:8-9 hakudhani malaika ni Mungu. Aliambiwa "Angalia, usifanye hivi". Kornelio naye alimwangukia Petro, Petro akamwinua, akasema yeye ni mwanadamu tu (Matendo 10:25-26). Petro aliyekuwa hai alikataa, je, Petro wa shaba pale Roma anayeshikwa mguu mpaka vidole vimelika?

Hoja yangu kubwa ni 2 Wafalme 18:4. Nyoka ya shaba ilitengenezwa kwa agizo la Mungu mwenyewe (Hesabu 21:8), iliponya watu, ilikuwa na historia takatifu kuliko sanamu yoyote ya leo. Hezekia akaivunja vipande vipande. Kosa lililotajwa ni moja: wana wa Israeli walikuwa wakiifukizia uvumba. Wewe umetuletea namba 277 inayoonyesha mnafukizia sanamu. Mara 2 au mara 3, hesabu haiondoi kitendo.

Dada_Litania

Bereya, hoja ya Nehushtani, yaani ile nyoka ya shaba, ndiyo bora upande wenu na inastahili jibu la kweli. Naianza kwenye kitenzi.

Kitenzi cha Kiebrania kinachotafsiriwa "kusujudu" katika Kutoka 20:5 ndicho kinachotumika Ibrahimu anapowainamia wana wa Hethi (Mwanzo 23:7), Yakobo anapomwinamia Esau mara saba (Mwanzo 33:3), na Sulemani anapomwinamia mama yake Bathsheba (1 Wafalme 2:19). Katika 1 Nyakati 29:20 mkutano mzima unamsujudia BWANA na mfalme kwa kitenzi kimoja, katika sentensi moja. Kwa hiyo kuinama peke yake hakuwezi kuwa ndiko kulikokatazwa, vinginevyo Sulemani alivunja amri siku ile. Kigiriki cha Agano Jipya ni vilevile: kitenzi cha Ufunuo 22:8 ndicho cha Ufunuo 3:9, ambako Kristo anasema atawaleta watu wasujudu mbele ya miguu ya kanisa la Filadelfia.

Kuhusu uvumba: katika Israeli kufukiza kulikuwa kazi ya kikuhani, sehemu ya mfumo wa sadaka. Mfalme Uzia alipoingia hekaluni kufukiza alipigwa ukoma (2 Nyakati 26:16-19). Kuifukizia nyoka ya shaba kulikuwa kuipa sadaka, na sadaka ndiyo mpaka wenyewe. Agostino aliandika katika Mji wa Mungu kwamba hakuna padre anayesimama altareni na kusema "nakutolea sadaka wewe Petro, au wewe Paulo, au wewe Siprianu". Misa hutolewa kwa Mungu hata inapoadhimishwa kwa kumbukumbu ya mtakatifu, na Mtaguso wa Trento ulirudia hilo mwaka 1562.

Karne ya 4 askofu Epifanio wa Salami aliandika dhidi ya wanawake wa Arabia waliokuwa wakimtolea Maria mikate. Aliwaita wazushi. Msimamo wake: Maria apewe heshima, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu waabudiwe. Kanisa lilimpinga mtu wa kumwabudu Maria zaidi ya miaka 1,100 kabla ya Luther.

Mwana_wa_Augsburg

Nazungumza kama Mlutheri, na nina la kuwaambia pande zote mbili.

Kwa ndugu zangu wa uamsho: lile dai kwamba Roma "imefuta amri ya pili" tuliache. Kutoka 20 haina namba za amri. Wayahudi wanahesabu hivi, Waorthodoksi, Waanglikana na Wakalvini vile, Wakatoliki na Walutheri kwa namna ya Agostino: katazo la sanamu liko ndani ya amri ya kwanza, na kutamani kunagawanywa kuwa ya tisa na ya kumi. Fungueni Katekisimo Ndogo ya Luther. Amri ya kwanza ni "Usiwe na miungu mingine", mstari wa sanamu haupo, maana ule ni ufupisho wa kukariri watoto. Kama Roma imefuta, sisi pia tumefuta. Machi 1522 Luther alitoka mafichoni katika ngome ya Wartburg akarudi Wittenberg kuzuia watu waliokuwa wakivunja picha makanisani. Alihubiri kwamba bora zisingekuwepo, ila kuzivunja kwa fujo hakumtoi mtu sanamu iliyo moyoni. Zurich walikwenda njia nyingine, wakazitoa zote kiangazi cha 1524.

Kwa Wakatoliki: mnatumia nguvu nyingi kutetea mbao na udongo, na pingamizi letu halikuwa hapo. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 21, linasema watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarike, lakini Maandiko hayafundishi kuwaita watakatifu katika sala. Mwaka uliofuata Melanchthon, mwenzake Luther, katika utetezi wa ungamo hilo, alikubali kwamba malaika wanatuombea, na kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea Kanisa kwa ujumla. Someni tena hapo. Hatubishani kama wanaomba. Tunauliza: amri ya kuwaita iko wapi, ahadi kwamba wanasikia iko wapi, mfano mmoja katika Maandiko uko wapi? Sala isiyo na ahadi haina pa kusimama. Hilo "utuombee" halilijibu, maana kabla Maria hajaombea inabidi kwanza akusikie, wewe na watu milioni wa lugha mia, kwa wakati mmoja.

Bereya1711

Asante. Na nakubali kuhusu namba za amri, sitalirudia tena lile dai.

Mwanachetezo

Augsburg, umegusa penyewe. Nakujibu bila kuzunguka: amri ya moja kwa moja katika Agano Jipya, "waiteni watakatifu", haipo. Tunajenga juu ya Ufunuo 5:8, ambapo wazee 24 wanashika vitasa vya dhahabu vyenye sala za watakatifu, na 2 Makabayo 15:12-16, Yeremia aliyekwisha kufa akiwaombea watu. Najua Makabayo hamkihesabu kuwa sehemu ya Biblia. Tunajenga pia juu ya desturi ya kale: sala tunayoijua kama "Tunaukimbilia ulinzi wako" imepatikana kwa Kigiriki kwenye kipande cha mafunjo kilichopo Manchester, ambacho wapo wanaokiweka karne ya 3 na wapo wanaokisogeza mbele. Kuhusu kusikia, hatusemi ni uwezo wao. Wanajua kile Mungu anachowajulisha, ndani yake.

1 Timotheo 2:5 inasema mpatanishi ni mmoja. Mstari wa kwanza wa sura hiyohiyo unaagiza maombezi kwa ajili ya watu wote. Kwa hiyo kuombeana hakuvunji upatanishi wa Kristo. Swali lililobaki ni kama kifo kinakata kuombeana. Ninyi mnasema hatuna neno la kuvuka hapo, sisi tunasema tunalo.

Kalamu_ya_Mtaguso

Niweke tukio moja la historia, maana linaonyesha jinsi tafsiri inavyoweza kuzaa ugomvi wa karne.

Mtaguso wa Pili wa Nikea, 787, ulitoa tamko Oktoba 13: picha zipewe busu na heshima ya kuinama, lakini si latria, ambayo ni ya umungu pekee, kwa kuwa heshima inayotolewa kwa picha inamwendea aliyechorwa. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya Basili Mkuu. Kumbukumbu zikapelekwa magharibi kwa tafsiri ya Kilatini iliyo mbovu, neno la kuinama likawa "adoratio". Mahali pabaya zaidi ni maneno ya Konstantino, askofu wa Konstantia huko Kipro. Yeye alisema anazipokea picha kwa heshima, na kuabudu anakuweka kwa Utatu peke yake. Kilatini kikamgeuza, akaonekana anazipa picha huduma ileile anayoupa Utatu. Wanateolojia wa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, wakashtuka, na sinodi ya Frankfurt ya 794 ikalaani fundisho ambalo hakuna mtu alikuwa amelifundisha. Tafsiri iliyo bora zaidi ilikuja miaka ya 870, kwa kazi ya Anastasio wa Roma. Karibu miaka 80 ya kutoelewana, na kiini chake kikubwa ni kitenzi.

Mwana_wa_Augsburg

Tukio ni la kweli, ila usilitumie kufunga mjadala. Thoma wa Akwino katika Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, sehemu ya tatu, swali la 25, anafundisha kwamba picha ya Kristo na msalaba wake vinapewa latria, kwa hoja kwamba mwendo wa akili kuelekea picha kama picha ni mwendo uleule kuelekea mwenye picha. Nikea ilisema latria si ya picha. Wanateolojia wenu wamefanya kazi kubwa kuyapatanisha hayo mawili, na muumini wa kawaida kigangoni hana habari ya upatanisho huo.

Halafu Ijumaa Kuu. Kichwa cha sehemu ile katika Misale ya Kilatini ni "Adoratio", na wito ni "Venite, adoremus". Kilatini hakisemi wanaabudu nini, kitenzi kimeachwa bila mtendwa. Kiswahili kinampa mtafsiri kazi: "tuuabudu" ni msalaba, "tumwabudu" ni Kristo, "tuabudu" inaacha wazi kama Kilatini. Silabi moja tu, nayo ndiyo inayoamua kama jirani yangu Mlokole anayesikia kipaza sauti kutoka barabarani atasema mnaabudu mti. Kwangu mimi "tumwabudu" ndiyo inayostahili kuimbwa.

Dada_Litania

Hapo nakuunga mkono kabisa. Na Salamu Malkia inahitaji katekesi kali kuliko inayotolewa. "Uzima, tulizo na matumaini yetu" akiambiwa Maria, bila maelezo, ni maneno mazito. Maelezo yapo: Lumen Gentium ya 1964, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, namba 62, inasema majina anayopewa Maria yaeleweke kwa namna isiyopunguza wala kuongeza kitu kwenye hadhi ya Kristo, na namba 67 inawataka wahubiri waepuke kutia chumvi na pia waepuke ufinyu wa mawazo. Novemba 2025 Roma imetoa waraka, Mater Populi Fidelis, unaosema jina "Mkombozi Mwenza" halifai kwa Maria. Ndugu wengi wanaotutuhumu hawajui kwamba Roma ndiyo iliyolikataa.

Mwanachetezo

Niingie kwenye yanayoharibika huku chini, maana tuhuma nyingi hazitoki kwenye Summa, zinatoka mtaani.

Rozari inayovaliwa shingoni au kuning'inizwa kwenye kioo cha gari ili ajali isitokee, bila mtu kusali hata fumbo moja, imekuwa hirizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inaita hiyo ushirikina: kudhani nguvu iko kwenye tendo la nje au kitu chenyewe, bila moyo unaotakiwa. Ujumbe wa "tuma sala hii kwa watu 12, ukikatisha utapata mkosi" ni kosa lilelile, hata kama una picha ya Mtakatifu Yuda Tadei juu. Maji ya baraka yanayonywewa kama dozi, asubuhi na jioni, vilevile. Dawa yake ni katekista kusema wazi kwenye jumuiya ndogondogo, asiogope kuudhi watu.

Sheria nazo zipo na hazisomwi. Kanuni ya 1188 ya Sheria za Kanisa inataka sanamu kanisani ziwe chache na zenye mpangilio, na Maelekezo ya Misale, namba 318, yanasema kwa kawaida isizidi moja kwa mtakatifu mmoja. Parokia yenye Maria wanne ndani ya kanisa moja imekosea, hata kama kila mmoja ni zawadi ya mfadhili. Kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia.

Kanuni ya 1187 inawahusu Watanzania kwa karibu. Heshima ya hadhara ni kwa watakatifu na wenye heri waliotangazwa tu. Mwalimu Nyerere ni Mtumishi wa Mungu tangu 2005, yaani bado hajatangazwa mwenye heri. Mtu binafsi anaweza kumwomba amwombee. Lakini kumweka kwenye litania ya Misa, kumchora na mwanga kichwani kanisani, au kufukiza picha yake, ni marufuku. Tena si marufuku ya bure: katika mchakato wa kumtangaza mtu mwenye heri au mtakatifu, askofu hukagua kaburi, chumba alichofia na mahali pengine panapoweza kuwa na dalili, halafu anatamka kwamba hakuna heshima haramu iliyotolewa. Mwenye kuwasha mishumaa Butiama kwa mapenzi makubwa anaweza kukwamisha kesi ya huyo anayempenda.

Bereya1711

Hili la hirizi nimelipenda, na haki inanitaka niseme la kwetu. Mafuta ya upako yanayouzwa kwa chupa, kitambaa kilichoombewa, stika ya uso wa nabii inayobandikwa mlangoni ili wezi wasiingie: kipimo cha Nehushtani kinatupiga sisi kwanza, maana sisi ndio tunaojiita wavunja sanamu. Nguvu ikishahamia kwenye kitu, Hezekia anahitajika, awe ni wa kanisa lolote.

Ila kwenye kuwaita waliolala sijasogea. Ufunuo 5:8 inaonyesha sala zinapelekwa kwa Mwana-Kondoo. Haionyeshi mtu aliye duniani akisema na mmoja wa wale wazee.

Mgeni_Barazani

Samahani wakuu, swali la vitendo. Mimi ni wa KKKT, Mlutheri, nimealikwa Ijumaa Kuu na upande wa ukweni, ni Wakatoliki. Wakati wa msalaba nifanye nini? Nisitoke nikaonekana nadharau, nisibusu nikajisuta.

Dada_Litania

Baki mahali pako, umesimama au umekaa kama wengine walioko kwenye benchi lako. Hakuna atakayekuita kwa jina. Padre atatangulia, mara nyingine amevua kasula (vazi lake la nje) na viatu, kisha watu watajipanga mstari. Misale inataka msalaba uwe mmoja tu, kwa hiyo mstari huwa mrefu. Watu wakiwa wengi mno, padre anauinua juu mbele ya altare na wote wanabaki kimya kwa muda mfupi, kila mtu alipo.

Mwana_wa_Augsburg

Na katika kimya hicho, Mlutheri anaweza kusali sala ya Ijumaa Kuu aliyofundishwa nyumbani kwake, kwa Yeye aliyetundikwa pale. Ukweni usibishane. Ukiulizwa kwa nini hukwenda kubusu, sema kwenu mnamwabudu Kristo bila kugusa mti. Wataelewa.

Mgeni_Barazani

Asanteni sana. Nitabaki benchini.